Shule nzima ina wanafunzi 57 na tunaambiwa tuunganishwe na ya jirani, waliopitia hili naombeni ushauri

Mwalimu Ugenini

Wakuu habari za jioni. Nitaandika kirefu naomba mnivumilie maana jambo lenyewe linaninyima usingizi.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nimefundisha Geita miaka tisa, alafu mwaka huu 2025 nikapata uhamisho wa kubadilishana nikaja Kilimanjaro, huku juu kabisa kwenye migomba, mume wangu ni wa huku. Darasa la kwanza nililoliacha Geita lilikuwa na watoto 183, chumba kimoja, dawati moja watoto watano na wengine wamekaa chini, ukisahihisha madaftari ya Jumatatu unamaliza Alhamisi. Nimefika huku siku ya kwanza mwalimu mkuu ananitambulisha mstarini, mimi nikawa nahesabu watoto kwa macho, nikamaliza kuhesabu yeye bado anaongea. Nikajua wengine watakuwa kwenye usafi. Kumbe ndio shule yote hiyo.

Yani awali wako 6, la kwanza 7, la pili 5, la tatu 9, la nne 8, la tano 6, la sita 7 na la saba 9. Jumla 57, wavulana 32 wasichana 25. Walimu tuko saba ukimhesabu na mwalimu mkuu. Majengo ni ya mawe, ya zamani, imara kuliko mengi niliyoyaona, ila vyumba vinne vimefungwa na kimoja kimejaa madawati yamepangwa mpaka juu darini. Siku waliponifungulia kile chumba nilishindwa kuongea, nikawafikiria watoto wangu wa Geita wanavyorudi nyumbani na vumbi la sakafuni.

Sasa hawa 57 ni akina nani, hapo ndipo paliponishika. Kamati ya shule iliniomba niandae taarifa ya wanafunzi kwa ajili ya mkutano wa wazazi, nikakaa na walimu wa madarasa na madaftari ya mahudhurio tukapita jina kwa jina. Watoto 23 wanaishi na bibi au babu, wazazi wako Dar au Arusha au hawajulikani walipo, mtoto aliletwa ana miaka mitatu na begi lake akaachwa. 19 ni watoto wa wafanyakazi, watu waliotoka Singida, Kondoa, Babati wakaja kulisha ng'ombe na kutunza nyumba za wenye mali ambao wao wako mjini wanarudi Krismasi. Wanne wanalelewa na watu ambao sio ndugu zao. Wale ambao baba na mama wote wapo kijijini na ni wenyeji wa hapa ni 11 tu.

Kwa hiyo kule awali mmoja anaongea Kichagga kitupu alichokipata kwa bibi, mwingine amekuja na Kiswahili cha Mbagala, mwingine nyumbani kwao ni Kinyaturu, na wote sita wanakaa mkeka mmoja. Wakigombana uwanjani watoto wa wafanyakazi wanaitwa chasaka, yani mtu wa kuja asiye Mchagga, hilo nimelikemea mstarini na nitaendelea kulikemea. Na hao ndio wanaokuja na kuondoka, baba akikosana na tajiri wake leo jioni kesho asubuhi familia iko stendi, jina la mtoto linabaki kwenye daftari. Fomu inasoma 57 lakini wiki iliyopita siku iliyokuwa na mahudhurio mazuri kuliko zote niliwahesabu 51.

Sasa kuna maelekezo yanazungumzwa kwamba tuunganishwe na shule ya kilima cha pili. Mkutano ni mwisho wa mwezi. Waliowahi kuunganishiwa shule, watoto wenu iliwaendeaje? Na hii taarifa niiandike vipi ili mtu akiisoma aone watoto wenyewe, sio ile 57 peke yake?

Kalamu Nyekundu

Mwalimu hongera kwa kupita jina kwa jina, wengi wanajaza fomu kwa kukopi ya mwaka jana. Mimi nimestaafu, nilikuwa idara ya elimu upande wa takwimu kwenye halmashauri moja kanda ya ziwa, na nitakueleza ninachokiamini hata kama kitauma. Hiyo shule iunganishwe.

Angalia sensa. Mwaka 2012 Kilimanjaro ilikuwa na watu 1,640,087, mwaka 2022 watu 1,861,934, ongezeko la 1.3% kwa mwaka. Geita ulikotoka ilikuwa 1,739,530 ikafika 2,977,608, hiyo ni 5.4% kwa mwaka, taifa zima 3.2%. Yani 2012 mikoa hii miwili ilikuwa imekaribiana kabisa, miaka kumi baadae Geita imeizidi Kilimanjaro kwa zaidi ya watu milioni moja. Walimu nao wangetakiwa wafuate watoto walipo lakini hawafuati, watu wanaomba kuhamia kwenye barabara ya lami, maji na hospitali, wewe mwenyewe ni shahidi ingawa sikulaumu maana ndoa ni ndoa. Uwiano wa serikali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, nyie mko mmoja kwa wanane. Kila mwalimu anayekaa hapo kuna darasa la watoto 180 mahali ambalo halina mtu.

Alafu pesa. Ruzuku ya uendeshaji ni 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, 4,000 inabaki juu kwa ajili ya vitabu, 6,000 ndio inashuka shuleni, kwa mwezi ni 500 kwa mtoto. Watoto 57 ni shilingi 28,500 kwa mwezi. Hapo utoe chaki, karatasi za majaribio, kitasa kikiharibika, michezo, kila kitu. Shule ya watoto 1,500 inapata 750,000, choo kikiziba inaita fundi siku hiyo hiyo. Na posho ya madaraka ya mwalimu mkuu ni 200,000 shule iwe kubwa iwe ndogo, ina maana hapo kwenu posho ya mtu mmoja ni mara saba ya pesa ya kuendeshea shule nzima.

Na kuna jambo ambalo nadhani hamjalipigia hesabu. Mtaala mpya umeanza 2024, na huo msingi unaishia la sita badala ya la saba, walioanza la tatu mwaka ule watamaliza la sita 2027, mwaka huo huo na la saba wa mwisho. Maana yake hawa wa la nne na la tano ulionao sasa, 8 na 6, wanatoka siku moja. Ukiandikisha watoto sita sita wa awali kila mwaka, Januari 2028 utakuwa na kama 45 shule nzima. Hamjaanza kupungua, mko katikati ya kupungua.

Mzee wa Kihamba

Mwalimu karibu sana kwetu. Nimesoma ujumbe wako mara mbili.

Mimi nimesoma shule ya huko huko mlimani, sitataja ipi, nimeanza la kwanza 1975 mwaka mmoja baada ya Azimio la Musoma, serikali ilikuwa inasaka watoto nyumba kwa nyumba ili kila mmoja aingie darasani ifikapo 1977. Tulikuwa mikondo miwili na bado tunabanana. Hayo mawe unayoyaona kwenye kuta za shule za huku, mengi yamebebwa na mama zetu kichwani kutoka mtoni, Jumamosi ilikuwa ni siku ya mawe, usipopeleka jiwe balozi wa nyumba kumi anakuja. Na pesa ya bati ilikuwa kahawa. Wakati ule kahawa inapelekwa chama cha msingi, inakwenda KNCU, chama kikuu cha ushirika ambacho wazee wetu wamekianzisha 1933, na malipo ya pili yakija kijiji kizima kinajua mwaka huu mtoto wa fulani anakwenda sekondari.

Kahawa ilipoanguka ndio mambo yalipogeuka, watu wanasema uzazi wa mpango, sawa upo, ila mimi naanzia kwenye kahawa. Mwaka 1989 mkataba wa dunia wa mgao wa kahawa ulivunjika bei ikashuka, miaka iliyofuata watu wakaanza kung'oa mibuni wakapanda nyanya na kuongeza ng'ombe. Na ardhi ilikuwa imeshaisha. Baba yangu alikuwa na kihamba, yani shamba la ukoo la migomba na kahawa, cha ekari tatu na watoto wa kiume tulikuwa watano, unagawa nini hapo? Mdogo wetu wa mwisho akabaki na nyumba ya baba kama ilivyo desturi, sisi wanne tukashuka, mmoja yuko Arusha, mmoja Mererani mpaka leo, wawili tuko Dar. Nina watoto sita, wajukuu kumi na nne, anayesoma shule ya kijijini kwetu ni mjukuu mmoja tu, ambaye mama yake alimleta kwa shangazi yake, kwa mtoto ni bibi. Huyo mmoja yuko kwenye ile 23 ya kwenu, kama sio ya shule yako basi ya shule kama hiyo.

Desemba ukipita kule utasema hii shule itahitaji madarasa mapya, watoto wamejaa barabarani, magari ya Dar yamepaki mpaka kanisani. Tarehe tano Januari hakuna mtu. Wanabaki wazee na mtu wa ng'ombe.

Ninachotaka kusema, sisi tulioko mjini tumechangia kanisa, tumechangia barabara ya kupitisha gari Krismasi, harusi hatukosi. Shule hatujaichangia hata debe la mahindi. Mkutano ukifika nitumie namba ya mwenyekiti wa kamati kwenye ujumbe wa faragha, nitaongea na wenzangu wa kwetu.

Mama Pacha

Mwalimu mimi ni mmoja wa wale wazazi wenyeji ambao watoto wao hawako kwenye 11 yako. Naishi huko huko mlimani upande wa Rombo na pacha wangu nimewatoa shule ya kijiji walipokuwa la pili nikawapeleka ingilishi midiamu ya chini barabarani. Nakueleza sababu maana watu wanadhani ni majivuno.

Ya kwanza ni woga tu. Kila mtu aliyekuwa na uwezo kidogo alikuwa amewatoa wake, nikaona nimebaki mimi, nikajiuliza wao wanajua nini ambacho mimi sijui. Ya pili walikuwa wanne darasani, wawili wangu na wengine wawili, sasa mtoto anakuwa wa kwanza au wa nne, hajui kama anajua au hajui. Mwalimu alikuwa mzuri kwakweli, anawapitia mmoja mmoja, kusoma walijua mapema kuliko hata hawa wa ingilishi midiamu. Lakini hakuna timu ya mpira, hakuna kwaya, siku mwalimu akienda kwenye semina wanakaa nje mpaka saa nane.

Sasa naamka saa kumi usiku, basi la shule linapita saa kumi na moja na nusu, wanarudi saa kumi na mbili jioni wamesinzia na chakula hawamalizi. Ada ya muhula mmoja inakula maziwa ya ng'ombe wawili. Sijui kama nilikosea, kuna siku naona nilikosea na kuna siku wananisomea kitabu cha Kiingereza nasema hapana. Ila nikisikia shule ya kijiji inafungwa nitaumia kwa sababu jirani yangu ana mjukuu hapo na yule bibi hana hata simu, nani atampeleka mtoto kilima cha pili?

Mwalimu Ugenini

Asanteni sana. Mzee wa Kihamba shikamoo, nitakutumia hiyo namba. Mama Pacha asante kwa kusema wazi, nimekuelewa kabisa.

Kalamu Nyekundu, siwezi kukubishia kuhusu Geita, nilikuwa ndani ya lile darasa. Na sisi walimu saba sitatutetea, mwalimu akichukuliwa hapa akapelekwa kwenye watoto 180 nitasema ni haki, hata nikiwa mimi. Ila walimu ni jambo moja na watoto kutembea ni jambo jingine, na huko ofisini naona yanawekwa kwenye sentensi moja.

Jumamosi nilifanya hivi, nilichukua watoto watano wa awali na la kwanza pamoja na mama mmoja tukatembea mpaka hiyo shule ya kilima cha pili. Kwenye karatasi wameandika kilomita 1.8. Anayeijua Kilimanjaro anajua barabara zetu zinapanda na kushuka na mgongo wa kilima, kwenda kilima cha pili lazima ushuke korongoni uvuke mto upande tena. Kushuka tulitumia dakika 20, daraja ni magogo matatu na waya wa kushikia ambao mtoto wa miaka sita haufikii, kupanda upande wa pili dakika 35 na mtoto mmoja nilimbeba. Na ilikuwa kavu. Kuanzia Machi mpaka Mei udongo wa huku ni kama sabuni na ule mto unasikika mpaka nyumbani kwangu.

Alafu kati ya wale 19 wa wafanyakazi kuna mmoja ana miaka 11 yuko la pili, alikuwa hajawahi kukanyaga darasani mpaka alipofika hapa, asubuhi anakata majani ya ng'ombe kwanza ndio anakuja. Anafika saa mbili na nusu, namruhusu. Huyo ukimwongezea saa moja ya kutembea hachelewi tu, anaacha.

Ticha Katavi

Salaam kwa wote. Mimi niko Katavi na shule yangu ilianza kama shikizi, yani tawi dogo la shule mama, kwenye kitongoji cha wafugaji, madarasa mawili, walimu wawili, kwa hiyo hali ya kufundisha watoto wachache wa madarasa tofauti naijua vizuri.

Kwanza punguzeni vipindi vya kumfundishia mtoto mmoja mmoja kama mko saba. Unganisheni la kwanza na la pili chumba kimoja, ni 12, la tatu na la nne 17. Mwalimu anafundisha kundi la kwanza kusoma kwa sauti dakika 20 wakati kundi la pili wanaandika, alafu wanageuka. Ubao ugaweni kwa mstari katikati. KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) inakwenda vizuri kabisa kwa namna hiyo, wadogo wanasikia masomo ya wakubwa bila kujua kama wanasoma, na yule wa miaka 11 hatajiona mkubwa peke yake. Pale mtakapoumia ni la tano mpaka la saba, masomo mengi na mtihani wa taifa uko mbele, hapo msilazimishe. Ukifanya hivi walimu wanne mpaka watano wanatosha na hoja ya Kalamu Nyekundu inapungua nguvu.

Pili hao wanaohama. Namba ya PREM, ile ya usajili wa mwanafunzi kwenye mfumo wa baraza la mitihani, ni ya mtoto, sio ya shule, anatembea nayo. Mkiacha mtoto anaondoka bila kuhamishwa kwenye sistimu, kule anakokwenda anafika la nne hawezi kusajiliwa mtihani, na kwenu anaonekana mtoro. Sisi tunawaambia wazazi siku ya kwanza kabisa wakija kuandikisha, ukiona unaondoka hata usiku pita kwa mwalimu yeyote chukua barua. Wengi wanakuja, wanaona aibu tu kama hakuna aliyewaambia. Na cheti cha kuzaliwa kisiwe sababu ya kumrudisha mtoto nyumbani, muandikishe alafu cheti kifuatiliwe.

Mtu wa Nyeri

Habari wadau, naandika kutoka Kenya. Huku Nyeri mambo ni yale yale, kaunti ilikuwa na watu 693,558 sensa ya 2009 na 759,164 ile ya 2019, vijana wameenda Nairobi, wanaobaki wanazaa mtoto mmoja au wawili, na mwenye pesa anapeleka wake akademi. Pesa ya serikali kwa mtoto wa praimari ni shilingi 1,420 kwa mwaka kwa hivyo shule ndogo haiwezi kujisimamia.

Nataka kusema kitu kimoja tu. Kwetu kilichomaliza shule yetu ni fununu. Kabla hata barua yoyote ije, watu walisikia itafungwa, wazazi wakaanza kuhamisha watoto wenyewe, muhula mmoja tukapoteza nusu, na sasa hesabu zikawa zinasema kweli shule haina watoto. Ninyi mkienda huo mkutano, jambo la kwanza mwambie mkubwa aliyetumwa aseme mbele ya watu kwamba mwaka unaokuja shule inafunguliwa kama kawaida. Aseme kwa mdomo wake.

Kalamu Nyekundu

Mwalimu nimesoma hiyo safari yako ya korongoni na nakubali kwamba kwenye taarifa nyingi nilizopitisha mimi mwenyewe umbali ulikuwa ni ule wa ramani. Hilo nalichukua.

Basi nipendekeze njia ya katikati, sio ya kunifurahisha mimi wala wewe. Wadogo wabaki, wakubwa wavuke. Majengo yenu yawe shule shikizi ya hiyo ya kilima cha pili, awali mpaka la tatu wabaki na walimu wawili au watatu, la nne na kuendelea waende shule mama ambako watapata wenzao wa kushindana nao, hiyo aliyosema Mama Pacha ni hoja nzito. Shikizi sio kitu cha kubuni, mwaka 2021 kwenye zile pesa za UVIKO yalijengwa madarasa 15,000, elfu kumi na mbili ya sekondari na elfu tatu ya shule shikizi, ni serikali yenyewe ilikubali kwamba mtoto mdogo asisafirishwe mbali na kwao. Nyie vyumba mnavyo tayari na madawati mnayo. Kwa namba zako wanaobaki ni 27. Na wekeni sharti la daraja, daraja lijengwe kwanza ndio wakubwa wavuke, msikubali ahadi.

Kuhusu taarifa, usianze na 57. Anza na kitongoji. Kila kitongoji andika kaya ngapi, watoto wangapi, wanaishi na nani, dakika ngapi kwa miguu wakati wa mvua. Alafu nenda zahanati uombe idadi ya watoto wanaohudhuria kliniki ya chini ya miaka mitano, idadi tu bila majina, hiyo ndio awali yenu ya miaka inayokuja na hakuna mtu ataibishia. Na mkumbuke mkutano wa kijiji haufuti shule, usajili wa shule uko kwa Kamishna wa Elimu, kwa hiyo mtu asiwatishe kwamba mkikunja mikono basi kesho kufuli linafungwa.

Mwalimu Ugenini

Wakuu nimerudi. Zahanati nimekwenda, muuguzi amenisaidia sana, kwenye vitongoji vyetu vitatu kuna watoto 22 wa chini ya miaka mitano. Nilitegemea kumi. Kati ya hao 22, tisa ni wa wafanyakazi, kwa hiyo hawa watu wa Singida na Kondoa ndio wanaoijaza hii shule na hakuna hata mmoja wao kwenye kamati. Nimemwomba mwenyekiti mmoja wao aalikwe rasmi kwenye mkutano akae mbele na wenzake, amekubali ingawa alifikiria kwanza.

Mzee wa Kihamba wenzako wamenipigia, mmoja amesema watalipa mpishi na gunia la maharage kila mwezi mpaka Juni, kwa sasa tunapika makande mara mbili kwa wiki tu na wale 23 wa kwa bibi ndio wanaomaliza sahani kabisa. Mungu awabariki.

Wazo la wadogo wabaki nimeliweka kwenye taarifa kama chaguo la pili. Mwalimu mkuu halipendi, wazazi nilioongea nao karibu wote wanalipenda kasoro wenye watoto wa la nne. Ile ya kumwambia mtu wa halmashauri aseme kwa mdomo wake nimeiandika ya kwanza kwenye ajenda, asante Mtu wa Nyeri.

Ticha Katavi nina swali la haraka. Kuna mtoto wa la tatu amekuja kutoka Singida mwezi wa pili, mwakani ni mtihani wa la nne, mwalimu mkuu wa alikotoka hapokei simu na mama hakumbuki hata jina sahihi la shule, anasema ni ile ya karibu na mnada. Naanzia wapi?

Ticha Katavi

Muulize mama jina la kijiji na kata, hilo hawezi kusahau. Alafu usihangaike na mwalimu mkuu, pitia kwa afisa elimu kata wa huko, na ikishindikana ofisi ya elimu msingi ya wilaya ile, waambie unataka mtoto aachiwe kwenye PREM. Uwe na jina la mtoto kama lilivyoandikwa kule, mara nyingi wameandika jina la babu mahali pa ukoo ndio maana ukitafuta halionekani. Anza wiki hii, usisubiri Januari.

Mwalimu Ugenini

Jina la babu, ndio, hapa anatumia la baba mlezi. Kesho asubuhi naanza na hilo.